Friji mpya ndogo au ya mtumba kubwa: ipi itamaliza LUKU yako?

Mdogo wangu alihamia chumba na sebule Mbagala mwezi uliopita, na Jumamosi moja akanipigia simu akiwa Kariakoo.

"Shikamoo kaka. Nipo dukani, kuna friji mpya hapa, ya milango miwili, ndogo ndogo. Jana Tandika niliona ya mtumba, kubwa, nzito, na bei yake iko chini kwa laki tatu. Nichukue ipi?"

"Marahaba. Hiyo mpya ina stika ya umeme mlangoni?"

"Inayo. Ile ya mtumba sikuangalia."

Nikamwambia asitoe hela, arudi kwanza nyumbani. Laki tatu ni pesa nyingi kwa mtu anayeanza maisha, sikatai. Lakini pasi unaizima, TV unaizima, friji inabaki kwenye soketi usiku na mchana, iwe Idi, iwe Pasaka, hata ukisafiri. Jioni tukakaa na kalamu. Yafuatayo ni hesabu tulizopiga, na nimeongeza mengine kwa ajili ya mwenye familia na mwenye biashara ya barafu.

Kwanza ujue unalipa bei gani kwa uniti

Watu huulizana "friji inakula shilingi ngapi?" kana kwamba jibu ni moja. Kwa Tanzania Bara, friji ileile inaweza kumgharimu jirani yako karibu mara tatu ya inavyokugharimu wewe, kwa sababu mpo kwenye madaraja tofauti ya TANESCO.

Daraja la D1 ni la matumizi madogo ya nyumbani. Uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, na kinachozidi hapo ni shilingi 350. Daraja la T1 ni shilingi 292 kwa kila uniti, kuanzia ya kwanza. Juu ya hizo kuna VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, jumla 22. Kwa hiyo bei inayotoka mfukoni ni shilingi 122 kwa uniti ya D1, 427 kwa ile iliyovuka 75, na takriban 356 kwa T1. Ndiyo maana mtu wa D1 akilipa 9,150 anapata uniti 75, na wa T1 akilipa 10,000 anapata 28.1. Ukiona uniti zimepungua kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, angalia risiti kabla ya kuilaumu friji: kodi ya jengo hukatwa hapo hapo.

Tukaweka friji kwenye bei hizo:

| Friji inakula kwa siku | Kwa mwezi (siku 30) | Ukiwa D1, chini ya 75 | Ukiwa T1 |
|---|---|---|---|
| uniti 0.5 | uniti 15 | sh 1,830 | sh 5,344 |
| uniti 1 | uniti 30 | sh 3,660 | sh 10,687 |
| uniti 1.5 | uniti 45 | sh 5,490 | sh 16,031 |
| uniti 2 | uniti 60 | sh 7,320 | sh 21,374 |

Safu ya D1 inavutia, lakini ina mtego, na mtego huo ndio uliokuwa ukimsubiri mdogo wangu.

Laki tatu inarudi baada ya muda gani?

Stika ya ile mpya ilisomeka kWh 219 kwa mwaka, na kWh moja ndiyo uniti moja. Gawa kwa 365, unapata 0.6 kwa siku. Hiyo ni ya maabara. Kwa joto la Dar na mlango unaofunguliwa na wageni wa Jumapili, tukaipa uniti 1 kamili. Ile ya mtumba hakuwa ameangalia stika yake, basi tukaipa uniti 2, kiwango ambacho friji kubwa ya zamani yenye raba ya mlango iliyochoka hukifikia bila taabu. Vitu vyake vingine, yaani taa, feni, TV, simu na pasi ya mara moja kwa wiki, tukavikadiria uniti 35 kwa mwezi.

Akichukua mpya: 30 na 35 ni 65. Yumo ndani ya D1, analipa 7,930.

Akichukua ya mtumba: 60 na 35 ni 95. Uniti 75 ni 9,150, na zile 20 za juu, kwa 427 kila moja, ni 8,540. Jumla 17,690. Tofauti ni 9,760 kwa mwezi, na laki tatu "aliyookoa" inayeyuka ndani ya miezi 31 hivi.

Baya zaidi ni akiwa mtu wa kuvuka 75 mara kwa mara, kwa sababu mteja wa namna hiyo huhamishiwa T1. Hapo uniti zote 95 zinahesabiwa kwa bei ya T1: shilingi 33,843 kwa mwezi, mkononi mwa mtu ambaye angelipa 7,930. Tofauti inapita 25,000 kila mwezi, na ule unafuu wa Tandika unakwisha kabla mwaka haujatimia. Friji imepandisha bei ya umeme wa taa na wa feni pia. Hii ndiyo sehemu ambayo muuzaji hatakuambia, na si kwa ubaya, pengine naye hajaipigia hesabu.

Lakini nisimwonee muuza mtumba. Chukua kijana wa chumba kimoja, D1, mwenye taa mbili na chaja ya simu, uniti 15 tu kwa mwezi. Akiweka friji ya uniti 60 anafika 75 kamili, bado yuko upande wa nafuu. Kwake tofauti kati ya friji ya uniti 1 na ya uniti 2 ni shilingi 3,660 kwa mwezi, na laki tatu itamchukua karibu miaka saba kurudi. Kama hana mpango wa kuongeza feni wala TV, mtumba iliyo nzima si uamuzi wa kipumbavu. Angalizo langu ni kwamba anatembea kwenye ukingo. Mwezi mmoja wa joto kali wa Januari unatosha kumvusha.

Na aliyeko T1 tayari hana ukingo wa kuogopa. Kila uniti anayookoa ni 356, basi. Friji ya uniti 1 badala ya 2 inampa 10,687 kwa mwezi, na laki tatu inarudi kwa miezi 28.

Wasomaji wa Zanzibar mko chini ya shirika lenu la umeme, ZECO, na mita zenu za TUKUZA, na bei zenu ni nyingine. Kenya nako kuna ngazi: tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa chini ya uniti 30, kati ya 30 na 100, na juu ya 100. Tarakimu zinatofautiana, swali ni lilelile: friji hii itaniacha upande gani wa mstari?

Nyumba ya kupanga yenye LUKU moja

Hapa ndipo ugomvi ulipo, na nimeuona tangu utotoni. Vyumba sita, mita moja, mchango sawa kwa sawa. Kisha mama mmoja ananunua friji na kesho yake uwanjani kumechafuka. Wengine wanadai alipe nusu ya umeme wote, yeye anasema friji yake ni ndogo.

Nyumba kama hiyo ikishajumlisha vyumba vyote haibaki chini ya 75, kwa hiyo tumieni bei ya T1. Friji ya uniti 1 kwa siku ni kama shilingi 10,700 kwa mwezi. Mwenye friji aongeze hiyo juu ya mchango wake wa kawaida, na neno liishe. Ikiwa hamwaminiani kwenye hiyo uniti 1, kuna mita ndogo za kuchomeka kwenye soketi, friji inachomekwa juu yake, na mita inaandika uniti zilizopita. Iacheni siku saba, mgawe kwa saba. Nimeona nyumba mbili zikipata amani kwa njia hii, na mita moja ya kuazimana inatosha mtaa mzima.

Msifanye kosa la kuchukua wati zilizoandikwa nyuma ya friji na kuzidisha kwa saa 24. Friji ya wati 150 kwa hesabu hiyo ingekula uniti 3.6 kwa siku, na mwenye nayo angefukuzwa. Kompresa haifanyi kazi mfululizo. Inawaka, inapoza, inazima, inasubiri. Friji nzima kwenye chumba kisicho na joto kali hupumzika zaidi ya nusu ya siku. Ukisikia ya kwako inanguruma bila kupumzika kabisa, hapo kuna tatizo la raba, la gesi, au la mahali ilipo.

Herufi za stika zinavyodanganya macho

Mdogo wangu aliporudi Tandika kuangalia, akapata stika ya zamani ya Ulaya imebaki ubavuni: A+. Akanitumia picha kwa furaha. Dukani Kariakoo nyingine mpya ilikuwa na herufi E. Ungefikiri ya mtumba imeshinda.

Sivyo. Umoja wa Ulaya ulibadilisha mizani yake tarehe 1 Machi 2021. Kabla ya hapo ngazi za juu zilikuwa A+, A++ na A+++. Baadaye zikafutwa na kubaki A mpaka G, kipimo kikiwa kigumu zaidi. Friji nyingi zilizokuwa A+++ zilishuka hadi C au D bila kubadilishwa hata skrubu moja. Kwa hiyo E ya leo na A+ ya zamani haziwekwi kwenye mizani moja. Achana na herufi, soma namba ya kWh. Stika za Ulaya huandika kWh kwa mwaka, nyingi za China huandika kWh kwa saa 24, na Kenya kuna stika ya nyota ambapo nyota nyingi ni matumizi madogo.

Halafu kumbuka stika inazungumzia friji ilipotoka kiwandani. Raba ikishalegea na povu la ukutani likishanyonya unyevu, ile namba inabaki historia.

Kitu kingine, ambacho kwetu wa pwani nakipa uzito kuliko herufi zote: daraja la hali ya hewa. Liko kwenye pleti, kile kibandiko cha maelezo cha ndani au cha nyuma. SN na N zimetengenezwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 32, ST mpaka 38, T mpaka 43. Jiko la Mbagala mchana wa Februari, mabati juu na sufuria motoni, linapita 32 bila kuuliza. Friji ya N iliyokuja na kontena kutoka Ulaya itahangaika humo mwaka mzima. Kwa Dar, Tanga, Mombasa, tafuta T. Aliyeko Njombe au Mbeya hana haja ya kulipia zaidi kwa ajili ya herufi hiyo.

Sababu ya joto kuwa ghali ni rahisi. Ndani ya friji ni nyuzi 4. Chumba cha nyuzi 25 kinaachana nayo kwa nyuzi 21, cha nyuzi 32 kwa nyuzi 28. Joto linalopenya ukutani linaongezeka kwa theluthi, na kompresa nayo inalitoa nje kwa shida zaidi. Ndiyo maana namba ya stika iliyopimwa penye ubaridi naiongezea theluthi mpaka nusu nikiwa pwani.

Kwa mtumba, hakikisha pia pleti inasema 220–240V na 50Hz. Vifaa vya Japani ni volti 100, vya Marekani 110 au 120, navyo vitakulazimu kununua transfoma, ambayo nayo inakula umeme wake. Ya zamani sana ikiwa na gesi ya kupozea ya R12, iache hapo hapo ilipo. R134a bado mafundi wanaijaza. Mpya nyingi ni R600a, gesi inayowaka moto, kwa hiyo fundi akija na mtungi wake asiunguze bomba kabla gesi haijatoka na dirisha halijafunguliwa.

Inayogandisha ukutani, nofrosti, na inveta

Friji ya kawaida, ile inayojenga barafu ukutani, kwa ukubwa uleule kwa kawaida inatumia umeme kidogo kuliko nofrosti, kwa sababu nofrosti ina feni ya ndani na waya wa joto unaoyeyusha barafu kwa vipindi. Huo ndio upande wa hesabu. Upande wa maisha ni kwamba ya kawaida inataka mtu wa kuizima na kuiyeyusha. Barafu ikifika unene wa kidole inageuka blanketi, na kompresa inafanya kazi bure. Usiichokoe kwa kisu. Nimeona friji mbili za ndugu zangu zikitobolewa hivyo. Gesi ikatoka kwa mlio mmoja, na gharama ya kuziba ikazidi umeme wa miezi kadhaa. Zima, weka bakuli la maji ya moto ndani, subiri.

Kwa familia ya watu saba, yenye watoto wa kufungua mlango kila dakika, na mama asiye na muda wa kuyeyusha barafu, nofrosti ina haki yake. Lakini ichukue yenye inveta. Kompresa ya kawaida inajua kuwaka na kuzima tu, na kila ikiwaka inavuta mkondo mara kadhaa ya wa kawaida; ya inveta inapunguza mwendo ikishapoza na kuendelea polepole. Inanguruma kidogo, inakula kidogo, na haisumbui jenereta au sola.

Udhaifu wake ni bodi. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, friji ya kizamani mara nyingi inavumilia, bodi ya inveta inaungua, na bodi si bei ya kucheka. Friji gadi, ambayo inasubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kupita, iwe sehemu ya bei ya friji kwenye bajeti yako, si kitu cha kununua mwezi ujao. Inaisaidia na kompresa ya kawaida pia, maana kuianzisha tena papo hapo, presha ya gesi ikiwa haijashuka, ndiko kunakoikwamisha.

Unauza barafu?

Basi usinunue friji, nunua friza ya kufunua kwa juu. Hewa baridi ni nzito. Mlango wa mbele ukifunguliwa inamwagika miguuni, friza ya juu ikifunguliwa inabaki ndani. Na umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa inakaa na baridi kama siku mbili, iliyojaa nusu kama siku moja, huku friji ya kawaida ni saa nne tu.

Mwenye kuuza barafu za ukwaju na ubuyu ajue hili kabla ya kupanga bei. Kupoza lita moja ya maji kutoka nyuzi 28 mpaka 5 kunahitaji kutoa joto fulani. Kuigandisha lita hiyohiyo iwe jiwe la nyuzi kumi chini ya sifuri kunahitaji kutoa karibu mara tano ya hilo. Kwa hiyo anayeuza maji ya baridi na anayeuza barafu hawana gharama moja, hata kama friza zao zimetoka duka moja. Gandisha usiku, wakati chumba kimepoa na hakuna anayefungua. Na ukwaju ukishachemshwa upoe kwenye beseni la maji kwanza. Kuingiza sufuria ya moto ni kuilipa TANESCO ikufanyie kazi ambayo upepo wa uwani ungeifanya bure. Maji ya kunywa ya nyumbani yakianzia mtungini, yanaingia frijini yakiwa tayari yameshuka nyuzi kadhaa.

Upande wa pili wa kitabu pia uandikwe. Maharage yakichemshwa mara moja kwa wiki na kugawanywa kwenye vyombo vya friza, ule mkaa au gesi wa saa mbili unatumika siku moja badala ya tatu. Mboga hazitupwi. Dagaa na samaki wa soko la Feri wananunuliwa kwa wingi bei ikiwa chini. Familia nyingi zinarudishiwa hela ya LUKU hapo, mradi friji iwe ya kiasi chao.

Alichochukua

Alirudi tena Tandika Jumatatu, safari hii nikiwa naye. Tukafunga mlango wa ile ya mtumba juu ya noti ya elfu moja na kuivuta: ikatoka kama imepakwa mafuta, juu na pembeni. Kubadilisha raba kunawezekana, lakini kompresa nayo ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, na pleti ilisema N. Muuzaji alikuwa muungwana, akatuambia mwenyewe kwamba ilikaa stoo miaka.

Mdogo wangu akachukua ile ya Kariakoo, kWh 219, daraja T, pamoja na friji gadi. Tumeiweka sebuleni, mbali na jiko, ikiachana na ukuta kwa upana wa kiganja ili joto la nyuma lipate pa kutokea. Kitufe cha ndani kiko katikati, si kwenye namba ya mwisho. Chupa za maji zimejaza nafasi tupu, zinashika baridi umeme ukikatika.

Safari ya kuileta ilikuwa ya guta, na dereva alitaka kuilaza ili aone mbele. Tukakataa, tukaifunga kamba ikiwa imesimama. Wewe ikikulazimu kulazwa, ukifika isimamishe na uiache bila kuichomeka mpaka jioni, mafuta yaliyotambaa kwenye mabomba yarudi kwenye kompresa.